Mtunza Stoo Aliyelipwa Kukaa Nyumbani

Cleophace alikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari ya wasichana huko Kihanga kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo watu wa kijiji chake cha Kamuli walimwona siku mbili tu kwa juma. Jumamosi alasiri alishuka kwenye pikipiki pale njia panda, mkate kwapani. Jumapili jioni alipanda nyingine, akaenda zake. Ukiacha zile wiki mbili za Juni alizoomba kila mwaka ili achume kahawa, mtu akimkuta Cleophace kibanjani kwake siku ya kazi, moja kwa moja aliuliza nani amefariki.

Ndivyo watu walivyojuana zamani. Hukuhitaji kumpigia mtu simu na kumuuliza yuko wapi, naye akudanganye kwamba yuko njiani. Ulitazama jua, ukahesabu siku, ukajua yuko wapi na anafanya nini. Siku hizi mtu ana simu mbili na hajulikani alipo.

Mambo yalianza kwa barua. Mwanzoni mwa Machi mkuu wa shule, Mwalimu Uwizeye, mwanamke mpole mwenye miwani ambaye wafanyakazi wote walimwita Madam, alimwita ofisini akamkabidhi karatasi yenye mhuri. Bodi ya shule ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi aliyetumikia miaka ishirini na mitano au zaidi apewe likizo ndefu ya miezi mitatu, kwa mshahara kamili, mbali na likizo yake ya kila mwaka. Akae nyumbani, apumzike, arudi na nguvu mpya.

Cleophace aliisoma mara mbili, kisha akasimama.

"Nimekosa nini, Madam?"

"Hujakosa kitu, Mzee Cleophace. Ni zawadi."

"Zawadi ya kunitoa stoo?"

"Ya kupumzika."

"Kuna siku nimesema nimechoka?"

"Hukusema. Lakini miaka ishirini na sita, baba yangu!"

"Basi nikichoka nitasema."

Mwalimu Uwizeye alicheka, akabadili njia. "Wewe ndiye wa kwanza kupata. Ukikataa, bodi itasema wafanyakazi wenyewe hawaitaki, na wanaokufuata watakosa. Mama wa jikoni anatimiza miaka yake mwakani. Unataka akose kwa ajili yako?"

Hapo alimkamata. Cleophace alikuwa mtu wa aina ambayo sasa imekwisha: kwa faida yake mwenyewe ungemvuta kwa kamba asitoke, lakini ukimwambia kuna mwenzake ataumia, anakufuata kama kondoo. Akavua funguo kiunoni. Kabla ya kuziachia alimzungusha Madam stoo nzima, akamwonyesha maharage ya kupikwa kwanza, kona ambayo panya wanaipenda, na bati linalovuja mvua ikitoka upande wa Rwanda. Kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wazee walisimulia kwamba hapo kale mtu aliyetumikia vizuri alipewa ng'ombe. Ng'ombe yule alipita njiani mchana kweupe, na pembe zake ndefu, na kila mtu akauliza ametoka wapi, akajibiwa, akashangilia. Siku hizi mtu anatuzwa mapumziko. Mapumziko hayana pembe. Nani atayaona yakipita?

Jumatatu asubuhi Cleophace alikuwa anapalilia maharage chini ya migomba yake. Ng'ambo ya miramura, ile miti ya mpaka iliyotenga kibanja chake na cha jirani, akatokea Mzee Nestory. Nestory alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, mjane, mwenye redio aliyoifunga kwa raba ya baiskeli. Alimjua Cleophace tangu akitambaa.

"Waitu, Cleophace! Leo si Jumatatu?"

"Shikamoo, Mzee Nestory. Ni Jumatatu."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimepewa likizo."

"Likizo ya Machi? Wasichana si wako darasani? Wanakula nini?"

"Wanakula, mzee. Funguo anazo Madam."

Nestory aliegemea jembe. "Amekunyang'anya funguo."

"Nimempa mwenyewe."

"Umempa mwenyewe. Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Na mshahara?"

"Wanalipa. Wote, kamili, na mimi niko hapa hapa."

Mzee akatazama maharage, akatazama migomba, akatazama kila kitu isipokuwa uso wa Cleophace.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Mungu yupo."

Kila mwenye redio katika nchi hii anajua habari za watunza stoo. Kitu kikipotea, mhusika husimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Anaachia funguo, anakaa nyumbani, mshahara unaendelea kuingia, mpaka kamati ije ikague na kuamua. Nestory alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi kuliko alivyosikia mahubiri. Na kila alichojibiwa asubuhi ile kiliangukia mahali pake. Kumlipa mtu mzima mwenye afya ili asifanye kazi, hilo hakuwahi kulisikia popote.

Kufikia Jumatano walianza kuja. Mwanamke wa kwanza alileta mkungu wa ebitoke, ndizi za kupika, kichwani. Wa pili alileta kuni. Akaja mzee wa kanisa na galoni la rubisi, pombe ya ndizi, akaomba sala fupi kwa ajili ya wote wanaopita katika majaribu makazini. Waliketi, wakapewa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna ambazo hakuna mgeni aliyewahi kunyimwa katika nyumba ile, wakatafuna taratibu na kuzungumzia mvua. Hakuna aliyeuliza neno. Zamani watu walilelewa hivyo: ukimwona mwenzako ana jeraha, hutaki kulifunua ulione, unaleta maji ya moto.

Cleophace alimweleza kila mmoja. "Ni likizo tu. Likizo ya kulipwa."

"Ndiyo, ndiyo," walisema, macho yao yakiwa kwenye vidole vya miguu yao.

Akaichukua barua, akaipeleka dukani kwa Hanifu. Babu yake Hanifu alikuja toka Pangani akiuza vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa, na Hanifu mwenyewe alizungumza Kinyambo safi kuliko wajukuu wa Nestory wanaoona haya kukisema. Aliisoma barua kwa sauti mbele ya wateja watano, akaikunja kwa heshima kama inavyokunjwa shuka mpya.

"Barua nzuri, Mzee Cleo. Kiswahili chake kizuri. Lakini nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Shemeji yangu walipomsimamisha, barua yake nayo ilianza kwa kumshukuru."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba si jambo la kucheka, wakanyamaza wote kwa pamoja. Hanifu akamfungia kilo ya sukari. Cleophace alipotaka kulipa, akausukuma mkono wake. "Wacha, bwana. Siku kama hizi!"

Mke wa Cleophace, Mackrine, siku za kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya nne hakucheka. Alikuwa akimenya ndizi uani, kisu kikienda chenyewe, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba Kemigisha, mimi sikuhukumu. Niambie tu kama kuna kitu kilipotea, nijue namna ya kuomba."

"Hata wewe?"

"Nina miaka thelathini ndani ya nyumba hii. Hakuna siku uliyowahi kunipa mapumziko. Nitayajuaje nikiyaona?"

Cleophace akachukua kisu kingine, akaketi, akamsaidia kumenya. Kazi hiyo mwanamume wa Kamuli haifanyi mbele ya watu, na mtoto wa jirani aliyepita akaenda kuieneza kama dalili nyingine kwamba hali ni mbaya.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini kulikuwa na Kemigisha.

Kemigisha alikuwa mtoto wao wa pekee, fundi cherehani, umri wa miaka ishirini na saba. Kijana aitwaye Winston, seremala wa Bweranyange, alikuwa ameomba kumwoa, na wazazi wake walikuwa wamepanga kuja rasmi Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka, kuleta posa. Jumapili ya pili ya likizo, baba yake Winston, mtu wa maneno machache aitwaye Ildefonsi, akapiga simu.

"Ndugu yangu Cleophace, ile siku tuisogeze kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hayo mambo yako yatulie. Wazee wa ukoo wanauliza, nami sina la kuwajibu. Unaelewa."

Alielewa. Kwao, kabla hujaoa msichana, unaoa kwanza jina la nyumba yake. Unauliza kisimani, unauliza kanisani, unamtuma mtu apite akiomba maji ya kunywa na kutazama. Jina likiwa na doa, mahari haiendi. Vijana wa leo wanakutana kwenye simu na kuachana kwenye simu, lakini Ildefonsi hakuwa kijana wa leo, na Cleophace moyoni alimheshimu kwa hilo hilo lililokuwa linamchinja.

Kemigisha alishinda akishona. Jioni akasema, "Baba, huwezi kurudi tu kazini?"

Neno hilo lilimwinua. Alimpigia Mwalimu Uwizeye akamweleza yote, mpaka la kumenya ndizi. Madam hakucheka. Alisema atakuja mwenyewe Alhamisi, aseme mbele ya watu. Kisha Cleophace akampigia Ildefonsi: njoo Alhamisi, usikie toka kinywani mwa mwajiri.

"Nitakuja," Ildefonsi akasema. "Nikishasikia kwa masikio yangu, nitajua kama tunaendelea au tunaachana kwa amani."

Basi furaha ikamponza. Alimwambia Nestory kupitia miramura, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje: "Mzee, Alhamisi mtaona. Madam anakuja hapa nyumbani na gari la shule!"

Nestory aliitika tu. Akaenda ndani, akavaa koti.

Alhamisi asubuhi Cleophace alishuka njia panda kuwapokea wageni, Kemigisha akiwa naye. Mackrine alikwenda dukani kununua majani ya chai, na Hanifu, ambaye siku nyingine hana muda hata wa kurudisha salamu, akamweka pale kwa habari za wajukuu zake, mmoja mmoja, mpaka wote wakaisha. Gari la shule lilipofika, nyuma yake ikaja pikipiki iliyombeba Ildefonsi. Walipanda kilima pamoja. Uani walikuta majirani thelathini hivi wamesimama kimya, kama kwenye maziko. Cleophace akafungua mlango wake, akakaribisha wageni, akasimama kizingitini.

Nyumba ilikuwa tupu.

Hakukuwa na kiti, meza, wala kabati. Chumbani hakukuwa na kitanda wala godoro. Cherehani ya Kemigisha ilikuwa imetoweka. Hata saa ya ukutani haikuwapo, ulibaki msumari. Sakafuni, ukuta hadi ukuta, kulikuwa na nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi ile, zimelazwa vizuri upande mmoja, kama nyumba zote zilivyotandikwa kabla saruji haijatufundisha kuketi juu ya baridi.

"Tumeibiwa!" Mackrine, aliyefika wakati huo toka dukani, akapiga kelele nyuma yao.

"Ingieni, wakubwa," Mzee Nestory akasema, akisogea mbele na kofia mkononi. "Kagueni. Kagueni tu msiogope. Huyu ni maskini kama mnavyomwona."

"Kukagua nini, baba?" akauliza Mwalimu Uwizeye.

"Nyumba. Hana kitu. Hata godoro hana. Mwizi gani analala kwenye majani?"

Cleophace alimgeukia. "Mzee Nestory, vitu vyangu viko wapi?"

"Nyamaza, mjinga we," Nestory akamnong'oneza, mnong'ono uliosikika mpaka barabarani. "Nakusaidia."

Mwalimu Uwizeye alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mabega yake yalitikisika. Alipoweza kusema, alikunja sketi yake akaketi chini kwenye nyasi kama mgeni yeyote, na wengine wakaketi, maana mgeni akishaketi huwezi kubaki umesimama. Mackrine akaleta akamwani kwenye kikapu ambacho mtu alisahau kukificha. Kisha Madam akasema kwa sauti ya darasani kwamba Mzee Cleophace hana kosa, hakuna kilichopotea, hakuna uchunguzi. Kwamba shule inampenda na hii ni zawadi ya utumishi wake, na atarudi Juni ashike funguo zake.

Watu wakapiga makofi kwa adabu.

"Wakubwa ndivyo wanavyosema," mwanamke mmoja akasikika nyuma, "mpaka kamati ikae."

Cleophace akainamisha kichwa. Aliona Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka inaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Kemigisha alikuwa anachomoa jani moja moja sakafuni na kuyakunja.

Ildefonsi, aliyekuwa hajasema neno tangu afike, akamgeukia Nestory.

"Mzee, shikamoo. Wewe umeyaamini maneno ya mwalimu?"

"Marahaba. Siyaamini."

"Unadhani Cleophace aliiba?"

"Mimi sikuwa huko. Stoo ni stoo. Nimemjua tangu hana meno, sikumwona akiiba hata senene. Lakini watu hubadilika."

"Hujui, na umemfichia kitanda."

"Ulitaka nifanye nini? Wakikichukua, atalala wapi?"

"Na wewe wangekuchukua. Kuficha mali ni kosa."

"Mimi nina miaka themanini. Wanichukue, watanibeba wenyewe."

Kicheko kikapita uani. Ildefonsi hakucheka. "Kitanda chenyewe kiko wapi?"

Nestory akamtazama toka juu mpaka chini. "Inategemea. Ukiwa mkwe, nitakwambia. Ukiwa mkaguzi, sijui kitanda."

Ildefonsi alitafuna akamwani yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Mdogo wangu alipopatwa na mambo kama haya huko mjini, majirani zake nao walikuja. Walikuja kutazama. Wengine walipiga picha."

Akamgeukia mwenye nyumba.

"Cleophace, mimi sijui habari za stoo. Ningekuja hapa nikute mtu asiye na kosa, na majirani hawamjui, ningerudi kwetu, na kijana wangu angetafuta kwingine. Siku ni ile ile, Jumamosi ya tatu. Kama nyumba hii ikipatwa na neno, nataka wajukuu wangu wawe karibu na watu hawa."

Mackrine alipiga kigelegele kilichowastua kuku. Kemigisha akainuka mbio akaenda jikoni, ambako kila mtu alijua hakuna kitu cha kupika wala sufuria ya kupikia.

"Lakini ni likizo!" Cleophace akasema, machozi yakimtoka. "Ndugu yangu, ni likizo kweli!"

"Ni likizo, mkwe wangu," akajibu Ildefonsi, kwa sauti ile ile ya upole waliyoitumia walioleta ndizi.

Kuanzia alasiri ile vitu vilirudi. Magodoro yalitoka kwenye stoo ya Hanifu, nyuma ya magunia ya chumvi. Cherehani ilifukuliwa chini ya rundo la maharage makavu. Kitanda kilikuwa kwa mzee wa kanisa, na juu yake walikuwa wamelaza bibi mmoja mzima wa afya, aliyeagizwa augue endapo mkaguzi angeingia. Bibi yule alilalamika kwamba amelala toka asubuhi bila chai. Kila kitu kilikuja kichwani mwa mtu, na kila mtu aliingia, akakiweka mahali pake, akauliza kama kimekaa sawa.

Viti vilivyotoka vilikuwa sita. Vilivyorudi vilikuwa saba.

Cleophace hakuweza kulala na kitu kisicho chake. Ijumaa asubuhi alikibeba kile kiti cha saba kichwani, akapita mlango kwa mlango. Hanifu alisema si chake. Mzee wa kanisa alikigeuza juu chini, akakisifu, akasema si chake. Nyumba kumi na moja zilikikana. Jua lilikuwa limepanda alipofika kwa Nestory na kumkuta amekaa chini mlangoni, juu ya gunia, akichambua maharage, redio ikisema peke yake.

"Mzee, kiti chako kiko wapi?"

"Kiti gani?"

"Siku zote ulikuwa unakaa kwenye kiti."

"Kiti kinaumiza mgongo." Nestory hakuinua macho. "Acha kuzungukazunguka na mbao kichwani, watu watasema wakaguzi wamekuchanganya akili. Siku ya wakwe utawaketisha wapi? Wale ni ukoo mkubwa."

Cleophace akakishusha kiti. Akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza mpaka kwenye kivuli, akamshika mzee mkono ili amwinue akikalie. Mzee akautoa mkono wake.

"Kaa wewe," akasema. "Si uko likizo?"

Cleophace akakaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Akachukua konzi ya maharage kutoka kwenye ungo wa mzee, akaanza kuchambua.